Viungo vya Oili: Utelezi Unatoka Wapi, na Wapi Usiutake

Kijana mmoja wa bodaboda aliingia gereji kwetu, hapa Chake Chake, uso umemvimba kwa hasira. Pikipiki yake ya cc 125 haijatimiza mwaka. Injini inanguruma kama inataka kupasuka, lakini mlima wa kutoka bandarini Mkoani umeishinda, na abiria alikuwa mmoja tu. Plagi kabadilisha. Kabureta kaisafisha. Waya wa klachi kaukaza mpaka umekuwa kama uzi wa gambusi. Nikamuuliza, "Umetia oili gani, mwanangu?" Akafungua boksi la nyuma akatoa kopo la lita nne, moja imetumika, tatu zimebaki. Oili ya gari, 5W-30, ghali kuliko zote alizozikuta dukani. "Fundi, mimi sikuitia takataka," akasema. "Nimeitia kitu."

Na kweli kilikuwa kitu. Oili ile haikuwa na kasoro yoyote, ila ilikuwa inateleza mno kwa mashine yake.

Tangu siku ile nimelieleza jambo hili kwa mdomo mara nyingi, leo kwa mvuvi, kesho kwa mwenye Noah, mpaka nimeona bora niliandike lote kwa mpangilio: ni kitu gani ndani ya oili kinachopunguza msuguano, kinafanyaje kazi, na wewe ufanye nini ukienda dukani na ukirudi nyumbani na kopo lako. Kemikali hizi zinazotiwa kiwandani nitaziita viungo, kwa sababu ndivyo zilivyo. Pilau nyingi yake ni mchele, lakini kinachoifanya iwe pilau ni vile vinavyoingia kwenye kiganja. Oili ya injini nayo, baina ya asilimia 75 na 90 ni mafuta ya msingi, na kilichobaki ni viungo: vya kusafisha, vya kuzuia kutu, vya kuzuia povu, vya kushika uzito (yaani ule unene wa oili inapomiminika) wakati wa joto, na hivi vya utelezi.

Hatua ya kwanza: jua maji yamejaa au yamekupwa

Mtu wa pwani hili analielewa bila ubao. Boti ikiwa juu ya maji yaliyojaa, mkuku uko mbali na mwamba. Chini pawe mchanga, pawe matumbawe, boti haina habari; kazi yote ya mashine ni kuyapasua maji. Maji yakipwa nusu, unaanza kusikia mkwaruzo hapa na pale. Yakikauka, boti imelalia mwamba, na ukiivuta, ubao ndio unaolika.

Ndani ya injini mambo ni hayohayo. Krankshafti, yaani mhimili mkuu wa injini, ikizunguka kwa kasi hujivutia oili chini yake, oili ikajibana kama kabari na kuunyanyua mhimili mzima, ukawa unaelea. Chuma hakigusi chuma. Tabaka la oili linaloubeba lina unene wa mikroni chache tu (mikroni ni sehemu moja katika elfu ya milimita), na unywele wa kichwa chako ni kama mikroni 70, lakini linatosha. Hapo kinachohesabika ni uzito wa oili. Ikiwa nyepesi mno, mkuku unagusa. Ikiwa nzito mno, injini inakula petroli kwa kukoroga uji.

Sasa, kuna pahala na kuna wakati ambapo maji hayana budi kupwa. Pistoni ikifika juu kabisa husimama kabla ya kugeuka, na katika nukta ile hakuna mwendo wa kuivuta oili. Pua ya kamshafti inasukuma valvu kwa nguvu nyingi juu ya eneo dogo mno. Asubuhi unapopiga kiki, oili yote imeshashuka chini usiku kucha. Mjerumani Richard Stribeck aliupima mwenendo huu kwenye beringi, na mwaka 1902 akautoa kwenye mchoro ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake: mwendo ukiwa mdogo msuguano uko juu, mwendo ukiongezeka msuguano unaporomoka mpaka chini kabisa, halafu unaanza kupanda tena taratibu, safari hii kwa sababu ya uzito wa oili yenyewe.

Viungo vya kupunguza msuguano hufanya kazi upande ule wa maji kupwa, basi. Pahala ambapo mhimili unaelea havina cha kugusa. Anayekwambia kwamba chupa yake inaifanya krankshafti iteleze zaidi ukiwa mwendo wa kasi anakuuzia magogo ya kuvutia boti wakati maji yamejaa.

Hapo utaona kwa nini ile 5W-30 ilikuwa vile. Watengenezaji wa magari wamekuwa wakishusha uzito wa oili mwaka hadi mwaka, kutoka 20W-50 kuja 10W-40, 5W-30, na siku hizi 0W-20, ili kupunguza kule kukoroga uji. Lakini oili nyepesi maana yake maji yanakupwa mara nyingi zaidi. Ili chuma kisiumie, kiwandani wanaongeza viungo vya utelezi. Kwa hiyo oili nyepesi ya gari la kisasa ndiyo iliyoshehenezwa utelezi kuliko zote dukani.

Hatua ya pili: vijue viungo vyenyewe

Jamii ya kwanza ni brashi. Ni molekuli yenye kichwa na mkia. Kichwa kinapenda chuma, mkia unapenda mafuta. Zikiwa nyingi zinajipanga wima juu ya chuma, zimesongamana kama mpunga wa bondeni. Kinachopita juu kinalaza mikia, na udongo hauguswi. Urefu wa mpunga huu ni kama nanomita 2, na nanomita ni sehemu moja katika elfu ya mikroni. Mwaka 1922 huko Uingereza, William Hardy na mwenzake Ida Doubleday walionesha kwamba mkia ukirefuka msuguano unapungua. Viungo vya jamii hii vinavyotumika leo, kama gliseroli monooleati, vina mkia wa kaboni 18, na vinatokana na asidi ya oleiki, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni.

Wazee walilijua hili kwa vidole kabla ya molekuli kupata jina. Bibi yangu alikuwa hatii kitu kwenye bawaba za mlango ila mafuta ya nazi. Ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia, zile zenye injini ya kuzunguka, zilitiwa mafuta ya mbarika. Lakini usinielewe vibaya: mafuta ya nazi usiyatie kwenye injini. Mikia yake mingi ni mifupi, ya kaboni 12, yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, na yakipikwa ndani ya injini siku chache yanageuka ulimbo. Brashi kwa jumla udhaifu wake ni joto. Likizidi, vichwa vinaachia chuma.

Jamii ya pili ni karata. Hii ni molibdenamu, lakini si poda, ni molibdenamu iliyofungwa ndani ya molekuli inayoyeyuka kwenye mafuta, kiasi kwamba oili inabaki angavu. Ikifika pale chuma kinaposuguana, joto na mgandamizo vinaivunja, na papo hapo juu ya chuma kinazaliwa kijitabaka cha molibdenamu na salfa. Kijitabaka hiki kimepangika kama karata mkononi, kila moja inateleza juu ya mwenziwe. Kipimo cha msuguano kilichokuwa karibu 0.1 kinaweza kushuka mpaka 0.05 au chini yake, yaani nusu. Sifa zake mbili uzishike. Kwanza, haiamki mpaka ipate joto na msuguano. Pili, inaliwa. Kila karata inayochanika inabidi izaliwe nyingine, na akiba iliyomo kwenye oili ina mwisho wake. Ndiyo maana oili inaweza kuonekana bado nzuri kwa macho na utelezi wake ukawa umeshakwisha.

Jamii ya tatu ni walinzi, na hapa watu wengi wanachanganya. Kiungo maarufu ni cha zinki na fosforasi, kinachotumika tangu miaka ya 1940. Mwanzo kilitiwa ili oili isiungue na beringi zisiliwe na asidi. Baadaye ikagundulika kwamba kinalinda chuma kisilike. Kinajenga ngozi ngumu kama kioo juu ya chuma, unene wake kama nanomita 100. Lakini ngozi hii haitelezi. Mara nyingine inaongeza msuguano kidogo. Kulinda chuma kisilike ni kazi moja, na kukifanya kiteleze ni kazi nyingine. Mtu anaposema "oili hii ina zinki nyingi, inateleza sana", hajui anachokisema, na mimi mwenyewe miaka mingi nilikuwa nikisema hivyohivyo kwa wateja. Salfa kwenye gia oili nayo ni mlinzi wa aina hii, tena mkali zaidi.

Ya nne ni poda: grafiti, molibdenamu ya unga, Teflon. Zina kazi zake kwenye grisi na kwenye minyororo. Ndani ya injini yenye filta na matundu membamba, mimi sizitaki.

Jambo moja la mwisho kabla hatujatoka hapa. Uso wa chuma ni kama viti vya daladala. Brashi anataka kukaa, karata anataka kukaa, mlinzi anataka kukaa, na kiungo cha kusafisha naye kichwa chake kinapenda chuma vilevile. Kiwandani wanatumia muda na fedha kuwapanga abiria hawa ili kila mmoja apate kiti kwa kiasi chake. Ukimimina chupa nyingine juu yake, umepakia watu kumi wapya kituoni. Kinachotokea mara nyingi si utelezi kuongezeka. Ni mlinzi kunyanyuliwa kwenye kiti chake.

Hatua ya tatu: tafuta pahala mashine yako inapoutaka msuguano

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo iliyomfikisha yule kijana kwangu.

Pikipiki ya gia, au honda kama wengi wetu tunavyoiita hata ikitoka India, klachi yake inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Klachi ni sahani za chuma na sahani zenye nyuzi, zimepangwa moja moja, springi zinazibana pamoja. Pikipiki inakwenda kwa sababu sahani hizo zinashikana, na kushikana ni msuguano. Brashi na karata hazina macho. Hazijui kwamba hapa ni kwenye pistoni na kule ni kwenye klachi. Zinakaa popote penye chuma, na zikishakaa kwenye sahani, injini inazunguka, sahani zinateleza, tairi inabaki palepale. Kwenye tambarare huenda usione kitu. Kwenye milima yetu ya Pemba utaona siku hiyohiyo.

Bajaji nyingi ni hivyohivyo. Vespa ya zamani kama PX ina mambo mawili: injini inalainishwa na oili inayochanganywa kwenye petroli, lakini gia na klachi zina oili yao peke yake chini, kama mililita 250 za SAE 30 (SAE ni kipimo cha uzito wa oili), na hiyo nayo isiwe ya utelezi. Skuta za mkanda zisizo na gia zina klachi kavu. Hizo hata ukizitia oili ya utelezi mwingi hazina shida. Gari la gia za mkono klachi yake ni kavu, iko nje ya oili ya injini. Gari la otomatiki lina mafuta yake ya gia, na humo viungo vya msuguano vimepimwa kwa mizani ya dhahabu, maana sahani zinatakiwa zishike lakini zishike kwa upole. Usibahatishe, fuata jina la mafuta lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Jenereta haina klachi. Wakati ule umeme ulipokatika Unguja miezi mitatu, kutoka Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kila baraza lilikuwa na jenereta yake, na zilizokufa sikumbuki hata moja iliyokufa kwa kukosa utelezi. Zilikufa kwa kukosa oili.

Hatua ya nne: lisome kopo nyuma, si mbele

Mbele ya kopo kuna picha ya gari la mashindano na maneno makubwa. Ligeuze.

Tafuta kwanza uzito, yaani ile SAE. Namba yenye W inahusu baridi: 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Sisi kipupwe chetu mtu anavaa sweta kwenye nyuzi 22. Kwa hiyo namba ya kwanza isikubabaishe sana; namba ya pili, ile ya injini ikiwa imepata moto, ndiyo uifuate kama kitabu kinavyosema. Pikipiki nyingi za kazi zinataka 20W-50, 10W-40 au 10W-30.

Kisha tafuta duara la API, taasisi ya mafuta ya Marekani. Juu lina herufi kama SL, SM, SN au SP. Herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo kiwango kilivyo kipya, na SP imeanza mwaka 2020. Chini ya duara ndipo penye siri. Pakiwa pameandikwa Resource Conserving au Energy Conserving, oili hiyo imepita mtihani wa kuokoa mafuta, na mara nyingi imeupita kwa sababu imetiwa viungo vya utelezi. Kwa gari ni sifa. Kwa pikipiki ya klachi ya oili, rudisha kopo rafuni. Nyota ya duara yenye miiba iliyo mbele ya makopo mengi ya 5W-30 nayo maana yake ni hiyohiyo.

Kwa pikipiki tafuta kisanduku cha JASO. Wajapani walikianzisha mwaka 1998, kwa sababu oili za magari zilikuwa zimeanza kuteleza kupita kiasi na klachi za pikipiki zao zikalalamika. MA maana yake oili hii imepimwa kwenye klachi ya oili na inashika. MA imegawika MA1 na MA2, na MA2 inashika zaidi. Kwa bodaboda wa milimani mimi humwambia achukue MA2. MB ni ya utelezi, ya skuta za mkanda. Herufi moja tu, A na B, na tofauti yake ni mlima wa Mkoani.

Mwisho liangalie kopo lenyewe. Mfuniko una pete isiyokatika? Namba ya toleo iliyopigwa kwenye kopo inasomeka, au imefutwa? Bei iko chini mno kuliko maduka mengine? Makopo matupu yana soko, na kinachorudi ndani yake si lazima kiwe kilichotoka. Mimi kopo tupu la mteja hulitoboa kabla ya kulitupa.

Hatua ya tano: kubadilisha

Hapa sitakaa sana, kazi yenyewe wengi mnaijua. Iwashe dakika tano ili oili ipate joto na uchafu upande juu, izime, isimamishe wima pahala tambarare. Fungua nati ya chini, iache imwagike mpaka iwe matone, safisha chujio la waya au badilisha filta, tia washa (ile pete ya nati) mpya, kaza bila ya kuua nyuzi. Pikipiki ya cc 100 mpaka 150 kwa kawaida inachukua kama lita moja, lakini tazama kitabu. Ukipima kwa kijiti, pikipiki nyingi zinataka kijiti kiingizwe tu bila kukazwa. Usizidishe: oili ikijaa mno inapigwa mpaka inatoa povu, na povu ni hewa, haibebi kitu.

Muda wa kubadilisha, kitabu kinajua. Kwa pikipiki ya abiria inayofanya kazi kutwa, mimi nawaambia kilomita 2,000 na isizidi, kwa sababu oili ileile inahudumia injini, gia na klachi kwa pamoja.

Ukiwa umeshakosea

Kwanza hakikisha kwamba kweli ni klachi inayoteleza. Tafuta barabara ya wazi, weka gia ya tatu kwenye mwendo mdogo, fungua moto ghafla. Sauti ya injini ikipanda na mwendo usipande nayo, inateleza.

Usikimbilie oili bado. Shika mkono wa klachi uusukume kwa kidole. Ncha yake iwe na uchezo wa kama milimita 10 mpaka 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Yule kijana alikuwa ameukaza mpaka uchezo umekwisha, na kuukaza waya ni sawa na kuishika klachi nusu muda wote. Kwa hiyo alikuwa ameongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Nikaulegeza, ikawa nafuu kidogo, lakini haikupona.

Kisha mwaga oili yote ikiwa ya moto. Tia MA ya bei nafuu, endesha kama kilomita 100 za kawaida bila mzigo, mwaga tena. Hii ya kwanza ni ya kuoshea. Ndipo utie MA2 yako ya kudumu. Mara nyingi brashi huoshwa kwa njia hii na klachi inarudi. Karata za molibdenamu ni kaidi zaidi. Ikiwa bado inateleza, fungua klachi: sahani za chuma zisafishe kwa petroli na uzipitishe msasa laini kuondoa mng'aro, zitazame kama hazijapinda wala kubabuka rangi ya buluu. Sahani za nyuzi zikiwa zimeungua, zinanuka na zinang'aa kama sakafu ya saruji iliyosuguliwa, usihangaike nazo, nunua mpya. Kabla ya kuzipachika mpya zilaze ndani ya oili utakayotumia, usiku mmoja. Springi pima urefu wake na ulinganishe na kitabu.

Ya yule kijana ilipona kwenye kuosha. Alikuwa ametembea nayo siku tisa tu, sahani hazijaungua.

Dawa za chupa

Kila mwezi anapita mtu na kimashine chake mezani. Gurudumu la chuma linazunguka, kipande cha chuma kinakandamizwa juu yake kwa mkono mrefu. Na oili yako ya kawaida kinakwama. Anatia matone ya dawa yake, kinazunguka kama hakuna kitu, watu wanapiga makofi.

Kimashine kile si cha uongo, ila kinapima jambo jingine. Kinapima mlinzi mkali chini ya mgandamizo wa chuma kwa chuma, maji yakiwa yamekauka kabisa, hali ambayo injini nzima ikifika imeshakufa. Dawa zenye klorini zinang'ara sana kwenye mtihani huo, kwa sababu klorini inashambulia chuma na kujenga ngozi papo hapo. Ukiitia kwenye injini yenye joto na unyevu, klorini hiyohiyo inaweza kuzaa asidi inayokula beringi. Huko Marekani, mwaka 1997, watengenezaji wa dawa moja maarufu ya Teflon walikubaliana na tume ya serikali ya biashara waache kudai kwamba inapunguza ulikaji wa injini, maana ushahidi wao haukutosha.

Ukitaka kuipima dawa mwenyewe, jaza tangi mpaka shingoni, kwenda Wete na kurudi, kama kilomita 60, jaza tena shingoni uone imekula ngapi. Fanya hivyo mara tano bila dawa na mara tano na dawa, upepo wa matairi uleule, mzigo uleule. Utagundua jambo la kuchekesha: safari zile tano za mwanzo, bila kubadilisha kitu, zenyewe hazilingani. Pikipiki ya kilomita 50 kwa lita, ikipata nafuu ya asilimia moja, ni nusu kilomita, na nusu kilomita inapotea kwa kusimama kumsalimia mtu njiani. Nafuu yenyewe ya utelezi kwenye oili za magari ni asilimia moja, mbili, namna hiyo. Kwa kiwanda kinachouza magari milioni ni kitu kikubwa. Mwaka 2012 watafiti wa Finland na Marekani walikadiria kwamba kama theluthi moja ya nishati ya mafuta ndani ya gari dogo inaishia kwenye msuguano, ukihesabu injini, gia, matairi na breki. Upepo wa matairi ni bure.

Wenye boti

Mashine ya boti ya tustroki, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli, ina desturi yake. Oili yake iwe na alama ya TC-W3. Mashine hizi zinapozwa kwa maji ya bahari, hazipati joto kubwa, kwa hiyo oili yake haitiwi viungo vya madini vinavyoacha jivu. Mvuvi akichanganya oili ya gari kwenye petroli, zinki na kalsiamu iliyomo inaungua na kubaki jivu kwenye plagi, na mashine inazima mkondoni. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, dumu la lita 20 linataka mililita 400. Usizidishe ukidhani unaihurumia. Oili ikizidi, petroli inapungua, na kaboni inajaa. Na TC-W3 hiyo usiipeleke kwenye Vespa, ambayo inapozwa kwa upepo na inapata moto zaidi. Vespa itie yenye JASO FC au FD, mililita 20 kwa kila lita kwa PX.

Gia za chini majini zina gia oili yake yenye salfa, kawaida SAE 90. Ukiifungua ikatoka rangi ya tui la nazi, maji yameshaingia, na hapo hakuna kiungo chochote cha oili kitakachokuokoa. Badilisha sili kwanza.

Oili chafu usiimwage chini. Udongo wetu unavuja, na visima viko palepale tunapoishi. Isikae mikononi pia, ina vitu vinavyoleta saratani. Sisi tunaikusanya kwenye pipa.

Yale mabaki ya lita tatu kijana aliuliza ayafanye nini, maana ameyalipia. Nikamwambia amuulize mjomba wake mwenye Noah. Kitabu cha Noah ile kinataka 5W-30.